Bolti ya Chini

Nyankumbu, Geita
18 Februari 2025

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Bujiku,

Shikamoo baba. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, nami naomba barua hii ikukute vivyo hivyo. Magoti yanasemaje, yanakuruhusu kufika mnadani? Na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi za kuchelewa? Mama anaendelea vizuri. Jana aliketi kitandani bila kushikwa, akaomba uji wa mtama, kisha akalalamika kwamba ni mwepesi kama maji ya kuoshea bakuli. Daktari anasema mfupa wa muundi umeanza kuunga.

Kaka Masalu alifika juzi na ujumbe wako. Alisema umeapa Eustace hatakanyaga tena mji wako, na kwamba mama akipona nirudi naye Kishapu pamoja na mtoto, kwa kuwa mwanaume asiyejua kukaza bolti hafai kuachiwa roho za watu. Mume wangu alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie mzee nimesikia." Kisha akaondoka kwenda kazini kwake, kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Tangu hapo hajaligusia jambo hilo. Nami nimeona niandike, maana simu yako huwa unaifungulia sauti kubwa, na haya si ya kusikilizwa na majirani.

Mama alipokuja kututembelea, lile gari lako la zamani ulilonipa ulipoacha udereva lilikuwa likitoa mlio wa chuma kwa chuma kila breki ilipokanyagwa. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha. Ikaamuliwa kazi ifanyike hapahapa uani, Jumamosi. Gari likapigwa jeki na kuwekewa mawe nyuma ya matairi. Kalipa zinazobana pedi zikafunguliwa, zikasuguliwa kutu kwa brashi ya waya, pistoni zikasukumwa ndani, pedi mpya zikakaa mahali pake. Upande wa kulia ulikwisha salama. Wa kushoto ulikuwa karibu kwisha mvua iliponyesha ghafla.

Kesho yake baada ya ibada tukaenda Nkome, mama akitaka kukununulia dagaa. Eustace aliendesha, mama akakaa mbele, mimi nyuma na Mageni mapajani. Mwendo mrefu hapakuwa na shida. Halafu gurudumu la mbele kushoto likaanza kugonga, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Eustace akasema tutasimama tukimaliza mteremko, penye tambarare.

Hatukufika tambarare. Nilimwona akikanyaga, akakanyaga tena, mguu ukaenda hadi chini. "Breki hamna," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki kumwamsha mtoto. Mbele yetu wanawake watatu walikuwa wakivuka na ndoo za maji kichwani. Akashusha gia, injini ikalia. Akavuta breki ya mkono, mkia wa gari ukayumba. Nilimkumbatia Mageni nikainama. Eustace akakata usukani kuingia shamba la mahindi, tukagonga kichuguu upande alioketi mama.

Wale wanawake hawakuguswa. Mageni alilia, nikashukuru kusikia kilio chake. Mama hakulia. Alisema tu kwamba hauoni mguu wake chini ya bati lililokunjamana.

Askari wa barabarani alipochungulia gurudumu, alikuta kalipa inaning'inia kwa bolti ya juu peke yake. Ya chini haikuwepo, na hozi ya mafuta ya breki ilikuwa imechanika. Akauliza nani aliyefunga. Eustace akasema, "Mimi." Masalu alipokuja mara ya kwanza na kumuuliza hospitalini, akarudia neno hilohilo.

Baba, si yeye. Jumamosi ile Eustace alikuwa kazini mpaka jioni. Aliyefunga ni mimi, binti yako. Bolti ya juu niliikaza kwa spana. Ya chini nilikuwa nimeizungusha kwa vidole tu, mvua ikaanguka, mama akaniita niwahi kuanua michembe, vile viazi vikavu alivyotuletea. Niliporudi nikaona tairi limelala chini, nikalivisha, nikashusha jeki. Sikutazama tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hiyo, na ulikuwa ukiwaambia watu mnadani kwamba fundi wako ni binti. Niliona heri upoteze mkwe kuliko upoteze maneno hayo. Nimeishi na aibu hiyo wiki tano.

Mama alikuwa ameketi mlangoni siku ile. Aliniona, na amenyamaza. Leo asubuhi nikimwogesha aliniuliza, "Utambebesha mwenzio mpaka lini?"

Kama yuko asiyestahili kukanyaga mji wako, ni mimi. Nitalipokea hilo. Lakini sitarudi Kishapu kama mke aliyekosewa, maana sikukosewa. Ukipenda kujibu, nakuomba umpigie Eustace kwanza. Hajui kwamba nimeandika. Akirudi leo nitamwambia mwenyewe.

Msalimie shangazi Nyamizi na wote wa hapo nyumbani. Mageni ameota jino la pili. Mama anakusalimu sana. Aliniomba nimsomee barua hii kabla ya kumpa Masalu aibebe. Nimemsomea yote, naye hakunisahihisha neno hata moja.

Ni mimi mwanao,
Vumilia