Shanga za Lambo la Lionja

Kwako Saidi, uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu zako nimezipata kwa mtu aliyetoka Mtwara. Eti unauliza kama nimeolewa. Mama yangu hukumuulizia. Ndiyo maana nakuandikia, na usitegemee maneno matamu.

Unaikumbuka maabara ya mradi wa karanga, pale Nachingwea? Wewe ulipima maji, mimi nilikuletea ugali na kisamvu alichokupikia mama. Siku moja ukadondosha tone la maji ya lambo letu la Lionja juu ya kipande cha kioo, ukaniambia nichungulie kwenye hadubini. Nikaona vidude vya kijani vimejaa, nikaruka nyuma. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Ni mwani tu, Zainabu, vimimea vidogo vya majini. Usitazame rangi, vyote kijani. Tazama umbo."

Nikajifunza kwa raha. Uzi wenye utepe uliojizungusha ndani yake, huo hauna neno. Kile kilichopinda kama mundu, nacho hakina neno. Nilikupenda sana siku zile, sitakataa.

Kisha kikaja kile kiangazi kikali. Maji ya lambo yalipungua, upepo ukasukuma utando mwembamba, kama rangi iliyomwagika, hadi upande wanakonyweshwa mbuzi. Wakanywa, wakatetemeka, wakafa.

Unajua wanawake wa Lionja wanavyoteka maji: wanasukuma uchafu kando kwa kata, basi. Mama hakuridhika na hilo. Kila asubuhi aliingia majini hadi magotini, akazoa zile nyuzi za kijani kwa mikono yake ili wenzake wateke maji safi. Mbuzi walipokufa, watu wakaikumbuka ile mikono.

"Huyu mama kila siku anatia nini humu?" wakaulizana.

Mbuzi wake mwenyewe akafa. Wakasema amemtoa kafara makusudi ili asishukiwe. Mchawi gani huyo, Saidi, anayeua mbuzi wake wa pekee?

Nilikuletea yale maji kwenye chupa, nikikimbia. Ulitazama, ukanipisha nami nitazame. Shanga! Shanga za kijani zilizotungwa mstari mmoja, na hapa na pale moja nene, imepauka.

"Hizi ndizo zinazoua mifugo," ulisema. "Nyuzi za mama hazina kosa lolote."

Nikakusihi uje kwenye baraza la kijiji useme hayo hayo. Ukainamisha kichwa. Ukasema lambo limechimbwa na mradi, na bwana mkubwa hapendi lisemwe vibaya. "Tulia, mchumba. Yatapoa yenyewe."

Yalipoa kwako! Mradi ulipofungwa ulipanda treni na sanduku lako. Mama alifukuzwa Lionja kwa matusi, sasa yuko Mbekenyera kwa mjomba, na maneno yalifika kabla yake. Ana mtungi wake barazani, umefunikwa vizuri, kata iko juu. Wageni wanakaa, wanazungumza, wanaondoka na kiu yao. Mwanamke aliyezoa uchafu ili wengine wanywe maji safi, leo maji yake hayanyweki! Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Watu wa Lionja nimewakasirikia pia, lakini wao walitazama kwa macho matupu. Wewe ulikuwa na hadubini.

Sitaki unioe. Sitaki zawadi. Njoo Mbekenyera siku ya gulio, watu wakiwa wengi, useme ulichokiona kwenye kioo kile. Kisha ingia barazani kwa mama, umwamkie, uchukue kata, uchote maji mtungini mwake, unywe watu wakikuona. Usipoweza hilo, usinitumie salamu tena.

Kwaheri. Sikuombei mabaya. Nakuombea jua kali njia nzima, ufike kwa mama ukiwa na kiu.

Mimi Zainabu,
binti yake