Matawi Ambayo Zaina Hakukunja

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimerudilia sheria na watoto wa darasa la nne. Usitupe kitu. Usichume ua. Usivunje hata kijiti kimoja. Pori tuliache kana kwamba hatukupita. Wanazijua kwa kichwa, wote kumi na tisa. Kesho tunavuka daraja la muto Tshopo, tuingie porini. Nimewaomba wazazi wafunge chakula ndani ya majani, si sashe za plastiki. Papa Lifenya, baba wa Gracia, mutu wa Yanonge, aliyekulia porini, amecheka. Eti mutu wa Kindu atafundisha watoto wetu pori. Mutu wa Kindu ni miye, Madame wao. Imeniuma.

Jumamosi, 8 Machi. Jioni

Asubuhi ilikuwa nzuri. Hondohondo walipita juu, watoto wakanyamaza bila kuambiwa. Wakala makemba, ndizi za kupika, kila moja akaweka taka mufukoni. Nilijisikia mwalimu wa kweli. Bon. Njiani Gracia akakunja kitawi, nikamukaripia mbele ya wote. Zaina alikuwa nyuma yake. Miaka tisa, mutoto wa kushika kila neno langu.

Saa nane nimehesabu kumi na nane. Nimehesabu tena. Zaina hayuko. Wenzake wamesema alikuwa amebaki nyuma kujisaidia, na kwa haya akaenda mbali na njia.

Tumeita mpaka sauti zimekauka. Mvua. Toleka moja, mubeba abiria kwa baiskeli, ameikimbiza mpaka mujini, Papa Lifenya akaja na wanaume wanne. Ameuliza jambo moja tu: mutoto amekunja wapi? Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama miye ndiye mwanafunzi. Ukipotea porini, unakunja kitawi kila hatua chache. Penye njia mbili, unalaza jani kwenye ile usiyoifuata. Hata wadogo kabisa kwao wanajua, donc wanaotafuta wanafuata matawi.

Wametafuta matawi yaliyokunjwa mpaka giza. Hakuna hata moja.

Ni miye. Nilimufundisha apite bila alama, na amepita bila alama.

Jumapili, 9 Machi. Alfajiri

Sijalala. Mama Zaina alikuja jana, akaketi kwenye kiti changu na pulova ya shule ya mutoto magotini. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Siafu. Nyoka. Baridi ya mvua ile. Na Tshopo yenyewe, inavyovuta. Maji ndiyo ninayoogopa kuliko yote. Naogopa kwenda na naogopa kubaki. Wanaume wanarudi porini. Natoka.

Jumapili. Mchana

Iko hai. Niandike hilo kwanza. Iko hai.

Wamama wawili waliokwenda kukausha kijito ili wapate samaki wamemukuta Zaina ameketi kwenye mizizi ya muti mukubwa, anatetemeka, miguu imevimba kwa siafu. Hakuwa mbali. Jana wanaume walipita karibu naye mara mbili, mvua ikawazuia kumusikia. Kitawi kimoja kingewafikisha.

Mama moja alimuuliza kwa nini hakukunja matawi. Akajibu kwamba Gracia alishamuonyesha, ila "Madame alikataza." Mama huyo amerudilia maneno hayo mbele yangu, mbele ya Papa Lifenya, mbele ya Mama Zaina. Hakuna aliyeniangalia.

Mufukoni mwake kulikuwa na jani lililofunga makemba, limekunjwa vizuri mara nne. Hata jani. Alikuwa analirudisha nyumbani, kama nilivyosema. Nimelia pale pale na sikujificha.

Jumatano, 12 Machi

Nahesabu watoto mara nne kila saa. Ndani ya darasa, mulango umefungwa. Wameanza kunicheka, na wako na haki.

Ijumaa, 14 Machi

Zaina amerudi shuleni. Ameniamkia kama kawaida. Nimemuhesabu wa kwanza.

Nimekwenda kwa Papa Lifenya. Nimemuomba atufundishe. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka, alisogeza kiti tu.

Jumamosi, 22 Machi

Tumevuka daraja tena. Mama Zaina amekuja pia, hakuachilia mukono wa mutoto mpaka katikati ya pori.

Papa Lifenya ameonyesha. Kitawi kinakunjwa, hakikatwi, kitapona chenyewe. Jani la kulaza njiani liwe limekwisha kuanguka. Hivyo pori haliumii, na mutu anarudi. Sheria zangu zingine amesema ni nzuri, sashe zibaki mujini. Nimeandika yote.

Kila mutoto akajaribu. Zamu ya Zaina, alishika kitawi, hakukunja. Akaniangalia miye. Si mama yake, si Papa Lifenya.

Nikaweka mukono wangu juu ya wake. Tumekikunja pamoja.

Tumerudi kumi na tisa.