Boti ya plastiki na kopo la Spesioza

Jumanne, Agosti 1995

Gundi ya pancha imeniganda vidoleni, hata kalamu inanata. Inashika ngozi yangu vizuri kuliko plastiki.

Ile boti ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande, aliyoniachia padri ilikuja na milingoti na matanga. Nimevitupa. Viti nimekata kwenye kreti bovu la mbao, makasia nimetengeneza kwa spoku za baiskeli. Nilitaka ifanane na boti iliyotuvusha ziwa kutoka Burundi nilipokuwa mdogo.

Jioni Mama aliigeuzageuza, akauliza, “Kopo la kutolea maji liko wapi?”

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Dada yangu Spesioza ndiye aliyechota maji yaliyoingia botini usiku kucha, sisi wadogo tukiwa tumelala. Alifika huku na homa, akafa kabla sisi wakimbizi hatujapewa shamba.

Nikakunja kopo dogo kwa bati la maziwa. Nikachukua na kipande cha mti nichonge mtu wa kulishika. Mama akanishika mkono. Siku hizi mkono wake ni mwepesi mno, naogopa.

“Weka kopo tu, baba,” akasema. “Yeye mwache, alichoka.”