Taa za Chumba cha Baba

Nyumbani, juu ya duka la vioo,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza ngazi, nawe ukamkataza daktari kukukataza. Na binamu zangu, hawajambo? Yule mkubwa bado huwa kiziwi akiitwa kuosha vyombo? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo ingawa amekonda. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umelegea.

Najua Mama amekuwa akikwambia kwenye simu kwamba Baba, mdogo wako, anaendelea vizuri. Usimkasirikie. Kila akishika simu anaapa kwamba leo atakueleza ukweli, lakini akiisikia sauti yako anaukunja ukweli wenyewe na kuurudisha mfukoni. Mimi nimechoka kumsaidia kuuficha, na kwa simu sitaweza, nitalia kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naandika. Kaa kitako, Shangazi, usome polepole.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa mengine. Unakumbuka nilipata kibarua kwenye kampuni iliyokuwa inafunga taa katika jengo jipya la hospitali. Zile si taa za kubonyeza swichi ukutani. Jengo zima lina mfumo mmoja. Kila taa imeungwa kwa waya mwembamba hadi kwenye kisanduku kinachokaa ndani ya kabati la umeme, sisi tunakiita kontrola, na hicho ndicho kinachoamua taa ipi iwake, lini, na kwa ukali gani. Kontrola ikitoka kiwandani haijui kitu, ni kama mtoto mchanga. Lazima mtu akae na kompyuta, afungue mradi mpya, aipe kila taa namba yake, azigawe taa katika makundi chumba kwa chumba, kisha aieleze asubuhi ifanye nini na jioni ifanye nini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nazunguka korido zile na kompyuta mkononi, naichagua taa, inakonyeza darini, nami naiandikia jina la chumba chake.

Baba alifurahi kuliko mimi. Unajua alitaka niwe fundi bomba kama yeye, na nilipochagua umeme tukanuniana, akisema maji na umeme havilali nyumba moja. Lakini siku nilipompeleka kuiona korido ile, nikagusa kompyuta na taa zote zikafifia kwa pamoja, alisimama akavua kofia. Basi ikawa hadithi ya mtaa mzima. Kichwa kiko chini ya sinki la mtu, lakini mdomo hautulii, anamweleza mteja jinsi mwanawe anavyoziamrisha taa.

Wenye hospitali walitaka umeme usipotee bure, kwa hiyo kila chumba kikawekewa darini kidude cheupe, kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachotambua mtu akisogea. Mafundi tunakiita sensa. Mama alipolisikia neno hilo aliuliza serikali imeanza lini kuhesabu watu kutokea darini. Mtu akisogea, taa inawaka. Chumba kikitulia kwa muda, sensa inaiambia kontrola kwamba hakuna mtu, na taa inazimika. Hayo yaliamuliwa na wakubwa kikaoni, mimi nikaletewa maelekezo, nikaingiza chumba baada ya chumba. Jengo likakabidhiwa, keki ikakatwa, kampuni ikafunga virago na kibarua changu kikaishia hapo.

Haukupita muda Baba akaanguka. Alikuwa jikoni kwa jirani akibadilisha koki. Jirani anasema alimsikia akiomba spana, kisha akaomba tena kwa ulimi mzito kama wa mlevi, na alipogeuka kumpa akamkuta sakafuni. Kiharusi, Shangazi. Kimechukua upande wote wa kulia, pamoja na maneno. Mkono wa kushoto unainuka kidogo, kwa taabu. Anasikia, na macho yake yanakufuata ukipita. Lakini yule mtu aliyekuwa akiongea hata na mabomba, sasa hana hata neno.

Walimlaza kwenye jengo jipya, chumba cha kona. Dirisha lake linatazama ukuta wa chumba cha kufulia, na saa sita mchana bila taa humo ndani ni kama ndani ya mtungi. Siku ya kwanza tulikaa naye mimi na Mama, tumechoka, tumenyamaza, kila mmoja anatazama shuka. Taa ikazimika.

Mama alidhani umeme umekatika. Mimi nilijua. Nilipunga mkono hewani, ikawaka, na tukamwona Baba macho yamemtoka, machozi yanateremka kuelekea masikioni. Nikamwambia si kitu, ni taa tu. Baadaye nesi mkuu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alinivuta pembeni akaniambia kila wanapoingia na kumkuta gizani wanamkuta katika hali hiyo.

"Nadhani huwa anafikiri amekufa," alisema.

Neno hilo sijalimeza mpaka leo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Baba yupo, anapumua, anatuona, lakini kwa kuwa hasogei, sensa inasema chumba ni kitupu.

Tangu hapo tukawa ukoo wa kupunga. Mama anasuka ukili si kwa sababu anahitaji mkeka, bali mikono isitulie. Majirani wakija kumwona wanakaa huku wakipepea kama wanaofukuza nzi. Mzee mmoja wa mtaani alikuja kumwombea dua, akafumba macho, akatulia kwa unyenyekevu, na taa ikamzimikia katikati ya dua. Alipofumbua alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa. Tulicheka siku hiyo, Shangazi, sitakuficha. Lakini muda wa kutazama wagonjwa ukiisha kengele inalia, tunatolewa nje, na sote tunajua kinachofuata mle ndani.

Utauliza, si wewe ndiye uliyezifunga hizo taa, mbona hurekebishi? Mganga hajigangi. Siku ya kukabidhi jengo, mhandisi wa kampuni aliufunga mradi kwa neno lake la siri, faili akaondoka nalo. Fundi mkuu wa hospitali aliachiwa ufunguo wa kabati tu. Nilimwendea, akanifungulia kwa huruma, nikaiona kontrola ikimetameta kitaa chake cha kijani. Ni kama kutazama mtoto uliyemlea akiwa nyuma ya dirisha la nyumba ya watu. Fundi mkuu akaniomba radhi: kontrola ikiguswa na mtu asiye wa kampuni, dhamana ya mfumo mzima inakufa, naye atafukuzwa kazi.

Nikaenda kampuni. Wakasema mhandisi ameacha kazi, amesafiri, wanamtafuta. Nikarudi hospitali, wakasema hilo ni jukumu la kampuni. Nimezungushwa kama pia. Nilifikiria kuing'oa sensa ya chumba cha Baba, lakini zimeungwa mnyororo mmoja, nikiing'oa hiyo nitavitia giza vyumba vya wagonjwa wengine. Tulileta taa ya kuchaji, nesi mkuu akakataa, soketi zile ni za mashine za wagonjwa. Tukaleta kifeni cha betri tukakifunga utepe upepee, sensa haikudanganyika, inafuata joto la mwili. Tukatundika tochi. Ilimulika duara moja ukutani, na Baba akaligeuzia uso.

Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa mpaka nikabaki kukaa tu kwenye benchi la korido, fundi mzima, na vyeti vyangu.

Kisha siku moja alasiri nilifika mapema. Kabla sijasukuma mlango nikaona kupitia kioo kwamba ndani ni giza. Mara taa ikawaka. Nikaingia nikitegemea kumkuta nesi. Hakukuwa na mtu. Baba alikuwa ameinua mkono wa kushoto, unatetemeka, kisha ukaanguka juu ya kifua chake. Kumbe muda wote tulipokuwa tukipunga alikuwa akitutazama na kujifunza.

Mama alipoambiwa alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba aanguke. Nesi akasema hayo ni mazoezi bora kuliko yote. Mimi mwenyewe nilienda kununua chungwa nikalila njiani, nimesimama, kwa furaha tu.

Haikudumu. Baba hakungoja tena taa izimike. Alianza kuinua mkono mapema, iwake isiwake, akiushusha kidogo tu kabla hajauinua tena. Hakulala mchana, na manesi wakasema hata usiku halali. Daktari aliniita akanieleza bila kuzunguka kwamba presha inapanda, mwili usiopumzika haujijengi, na kiharusi cha pili hakibishi hodi. Nilimwuliza kama atapona. Alisema hajui, na nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Wiki hii mhandisi akapatikana. Si mtu mbaya, Shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema baba yake mwenyewe alikufa katika wodi. Akatuma faili la mradi na neno la siri siku hiyohiyo, na barua ya ruhusa kwa fundi mkuu. Nilikaa sakafuni mbele ya kabati, fundi mkuu amesimama nyuma yangu, nikaufungua mradi. Majina yote niliyoandika yalikuwa mahali pake. Nikakitafuta chumba cha kona, nikaiondolea sensa mamlaka juu ya taa ile, nikaweka mwanga hafifu usiozimika, na ule mkali nikaufanya uwashwe kutoka meza ya manesi. Nikatuma kwa kontrola. Ikakubali mara moja. Fundi mkuu alinipiga begani, nami nikakimbia koridoni kama mtoto.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia, "Baba, nimemaliza. Haitazimika tena. Pumzisha mkono."

Alinitazama. Akatazama dari. Akainua mkono.

Nilimweleza tena. Mama akamweleza, nesi akamweleza, daktari mwenyewe akaja akakaa tuli kwenye kiti bila kujitikisa ili Baba ajionee. Baba hakungoja kuona, mkono ulikuwa tayari juu. Nikaushika nikaulaza kwenye shuka, kwa upole, nikaukandamiza kwa kiganja changu. Alipigana nami, Shangazi. Kwa nguvu hiyo ndogo iliyobaki alipigana nami, huku machozi yakimtoka, mpaka nikamwachia. Ukapanda hewani, na alipoiona taa bado inawaka akashusha pumzi, kana kwamba ni yeye aliyeniokoa.

Basi ndivyo tulivyo. Taa inawaka muda wote, na Baba anaishikilia isizimike. Kwa akili yake, akilala tu, atakuwa amekufa. Sina waya wa kuunga wala faili la kufungua. Nimefika mwisho wa ufundi wangu.

Jana Mama alinieleza jambo. Alisema bibi alipofariki, ni wewe uliyembeba Baba mgongoni, na kwamba alikuwa mtoto wa kuogopa usiku, hakuna aliyeweza kumlaza ila wewe. Alisema ulikuwa na jina lako la kumwita, ambalo Baba hakumruhusu mtu mwingine alitamke, hata yeye mkewe halijui.

Nesi mkuu amekubali kuiweka simu sikioni mwa Baba saa yoyote utakayopiga. Usimwulize hali, hawezi kujibu. Usilie, kama utaweza, ukishindwa basi lia kwanza ndipo upige. Mwite kwa jina lile, Shangazi. Mwambie mimi nimekosa namna, lakini wewe umeiangalia taa na haitazimika. Mwambie alale.

Mama anakusalimu sana na anaomba umsamehe kwa maneno ya kwenye simu. Mdogo wangu anakusalimu, na majirani wote wa chini, hata yule aliyeombwa spana, ambaye koki yake bado inavuja na anakataa fundi mwingine aiguse. Wasalimie binamu zangu, mmoja mmoja, na mzee wa nyumbani kwako. Mungu akupe afya, aifanye njia kati yetu iwe fupi, na aiweke pumzi ya mdogo wako mpaka sauti yako imfikie.

Wako akupendaye daima,
mwanao, fundi wa taa.