Mwiko Wenye Alama za Meno Yako

Baba,

Mwangaluka. Mwezi wa nne huu tangu tukuzike nyuma ya nyumba, na sijawahi kukuandikia. Mama ananishangaa. Anasema kaburi liko hatua ishirini tu kutoka jikoni, kwa nini nisiende nikaongea nawe kama watu wengine wanavyofanya. Sababu ninayo, nitaifikia. Kwanza nikupe habari.

Mashine ya mtumbwi wa Masanja ilikufa silinda moja. Ile kuukuu ya nguvu za farasi arobaini, silinda mbili, uliyoifufua mara nyingi hadi watu wa hapa Lamadi wakawa wanaiita mke wako mdogo. Masanja aliileta kwa mkokoteni, akasema wakiwa katikati ya ziwa inaanza kukohoa na kukosa nguvu, mtumbwi na samaki wake unabaki kusukumwa na upepo. Halafu akasema lililonichoma: "Mashine inamlilia fundi wake, Kabula. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa naipeleka Mwanza, au kwa mganga, popote itakapopona."

Wateja wako wengine watatu walikuwa wamesimama palepale wakisikiliza. Nilijua kwamba mashine hii ikitoka hapa haijapona, na zao zitaifuata. Mlango wa karakana yako ningeufunga kwa mkono wangu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana, wakati wa pamba, nilifunga mashine nzima peke yangu, kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho. Ulikuwa umeinamia kabureta, umenipa mgongo. Nikakusanya ujasiri wangu wote nikauliza, "Baba, nimeshakuwa fundi?" Ukanyamaza. Nikauliza tena. Ukaendelea kupuliza kabureta yako kana kwamba ni nzi tu aliyepita. Ule ukimya niliubeba hadi siku ya kukuzika. Nililia sana siku ile, lakini Baba, nilikuwa na hasira pia.

Basi, mashine nikaitia kwenye pipa la maji, nikaiwasha. Nikafanya ulivyonifundisha: nikazungushia koleo mpira wa tyubu, nikachomoa waya wa plagi ya juu. Mashine ikazimika. Nikaiwasha upya, nikachomoa wa chini. Wala haikujali, ikaendelea kukohoa vilevile. Nikajua silinda ya chini ndiyo inayobebwa na mwenzake. Nikafungua plagi zote mbili. Ya juu ilikuwa na masizi na oili, kawaida yake. Ya chini ilikuwa safi, inang'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa majivu. Nikaisifia! Nikasema plagi safi namna hii, humu ndani hamna ubaya, shida ni petroli haifiki. Nikaosha kabureta siku mbili. Siku mbili, Baba. Ungenicheka hadi ushike mbavu. Nikahamisha plagi, ya juu chini na ya chini juu, nikahamisha na koili. Ubovu haukuhama.

Alhamisi mchana nikauchukua mwiko wako.

Ule mwiko wa ugali uliokaa juu ya kabati la spana, uliotukataza tusiuguse. Watu wa nje walisema una dawa. Wapo walioapa kwamba walikuona umeung'ata, macho umefumba, unazungumza na mashine. Mimi nilikuwa nacheka wakisema hayo, lakini kuugusa sikuwahi, na kila ulipouchukua ulinituma dukani. Nikaegemeza ubapa wake kwenye silinda ya juu, mpini nikauweka sikioni. Ngurumo tu. Ndipo nikaona alama za meno kwenye mpini, zimechimbika kabisa. Nikatazama huku na huku kwa aibu, nikauma palepale ulipokuwa unauma wewe.

Baba! Mashine yote iliingia kichwani mwangu. Nilisikia pistoni ikipanda na kushuka, kila mlipuko mmoja mmoja, na beringi zikizunguka chini kabisa kama mtu anayesaga karanga chumba cha pili. Nikahamia silinda ya chini. Kila pistoni ilipopanda kulikuwa na pumzi inayotoroka, upande wa kushoto, kwenye maungio ya kifuniko. Fss. Fss. Miaka tisa nimeshika mashine, na sikujua kwamba ndani yake mna mambo makubwa hivi. Wewe ulikuwa unayasikia kila siku, kisha unafuta mwiko kwenye suruali na kusema neno moja tu, "Gasketi."

Mara kinu cha jirani kikaanza kusaga, kelele ikafunika kila kitu. Nikaziba masikio kwa vidole ili nisipoteze ile pumzi. Haikupotea. Ilizidi kusikika.

Hapo niliganda. Nikazibua masikio, nikaziba tena. Ni kweli, sauti ilikuwa inapita kwenye meno. Masikio hayakuwa na kazi yoyote. Nikakumbuka ulivyokuwa unamrudisha kila mgeni aliyekusalimia kutoka nyuma: "Njoo mbele nikuone, ndiyo unisalimie." Sote tulidhani ni adabu za Kisukuma za wazee wa zamani, hata mimi nilikuwa nawafundisha wateja wapya. Nikakumbuka ulivyokuwa unanitazama mdomoni ninapoongea. Nikauacha mwiko pale juu ya pipa, nikakimbilia kwa Mama.

Alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona usoni akauweka ungo chini kabla sijasema kitu. "Mwaka wa sita," akasema. "Lilianza kufa sikio la kulia, la kushoto likafuata." Akanieleza kwamba siku moja ulikuwa umesimamisha mwiko kwenye sufuria, umeuma mpini kwa mawazo, yeye akaigonga ile sufuria. Ukaruka. Ukalia, Baba, ukamwambia agonge tena. Akagonga mpaka ugali ukapoa. Nikamuuliza kwa nini mlinificha. Akasema ni maneno yako: "Kabula akijua atanionea huruma, ataacha kubishana na mimi."

Mimi nilikaa chini palepale kwenye makapi. Fundi asiyesikia alikuwa anatibu mashine ambazo wenye masikio mazima tulishindwa. Hadi leo nikiliwaza hili nashindwa kuendelea na ninachofanya.

Nilifungua kifuniko cha silinda jioni ile. Gasketi ilikuwa imelika, upande uleule wa kushoto, maji yanajipenyeza ndani na kuiosha ile plagi niliyoisifia. Kwenye kopo lako nikakuta gasketi mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Nikatandika msasa juu ya kioo, nikasugua kifuniko hadi kikakaa sawa, nikafunga. Ijumaa Masanja alivuta kamba mara moja tu. Akaisikiliza muda mrefu, kofia mkononi, habari za mganga zikaishia hapo. Kisha akanishukuru, "Wabeja, fundi." Niligeuka nyuma kuangalia anamwambia nani.

Sasa umejua kwa nini nimeandika. Nikiongea hapa kaburini, nani ananihakikishia kwamba utanisikia? Nimeleta kigoda chako, nimekaa mbele yako, si nyuma. Nisamehe ile hasira. Ulikuwa umenipa mgongo, na mimi sikujua kuja mbele.

Siri yako iko kwangu na kwa Mama. Waache waendelee kusema mwiko una dawa. Nami nakuahidi hivi: siku mtu atakayejifunza kazi kwangu akiniuliza swali lile, hata niwe nimeshika nini, nitakiweka chini, nitageuka, nitamtazama usoni nimjibu.

Miwani yako hatukukuzika nayo, kwa hiyo swali lenyewe naliandika kwa herufi kubwa: BABA, NIMESHAKUWA FUNDI?

Usihangaike kujibu. Leo asubuhi nilipokuwa naufuta mwiko, kando ya alama zako nimeona nyingine, changa, ndogo kidogo. Ni za meno yangu.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Kabula