Kimondo Kilichoelekea Kusini

Huaylluma, Oruro
28 Juni 1987

Mpendwa mdogo wangu Eusebio,

Pokea salamu za nyumbani. U hali gani? Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa mazoea, maana tangu Pasaka hatujapata mstari wako hata mmoja. Mimi ni mzima. Mama anatembea, ila chakula anakionja tu.

Wiki mbili zilizopita, jua likiwa limezama, tulikuwa tunatandaza viazi nyasini vipigwe na baridi, asubuhi tuvikanyage maji yatoke. Ghafla pakawa peupe, nikaviona viazi kimoja kimoja. Kimondo kikubwa cha kijani kilipita juu yetu, kikapasuka upande wa kusini. Mshindo ulikuja baadaye, llama wakavunja zizi.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ajentina aliko Eusebio si ndiko huko?" Nami kwa upumbavu wangu nikajibu ndiko.

Tangu hapo, kwake wewe ni marehemu; anasema kimondo kikianguka, kimechukua mtu upande huo. Nilimweleza kuwa lile ni jiwe la angani tu, halina habari ya mtu. "Ulilituma wewe?" akaniuliza. Jirani yetu mzee Saturnino akanicheka: "Primitiva, si umesoma wewe? Basi kalirudishe juu."

Siku ya nane alizipeleka nguo zako mtoni kuzifua, kama tulivyomfulia baba alipokufa. Nilimfuata nimzuie. Nikamkuta anahangaika na poncho yako, imejaa maji, hawezi kuikamua peke yake. Nikashika upande wa pili. Nisamehe, ndugu yangu.

Sasa zimeanikwa ukutani. Zikikauka atazichoma, roho yako iende zake bila kugeuka nyuma. Kila jioni nazimwagia maji kwa siri, lakini jua la huku unalijua. Shati la bluu lilikauka juzi, akalichoma. Zimebaki poncho na suruali mbili, na mimi nimeishiwa maarifa.

Barua haitatosha. Mama hajui kusoma, atasema nimeitunga mimi. Wakikunyima ruhusa huko kiwandani, toroka. Njoo akushike uso.

Shangazi Nieves na wanawe wanakusalimu. Wamekwisha kuvaa nyeusi, uwavumilie.

Mungu akufunike popote ulipo, na karatasi hii ikukute unapumua. Gauni langu jeusi mama alimaliza kulishona jana. Nimelikalia ninapokuandikia, asije akanivisha.

Dada yako akupendaye,
Primitiva