Kwa Taratibu, Mwenye Samaki Wanne

Mwaka umetimia, Taratibu, tangu ulipoinuka mezani ukashika kifua, ukasema unakwenda kujilaza kidogo, usiinuke tena.

Jina hilo tulikupa nyumbani kwa sababu ya mwendo wako. Chai uliinywa mpaka ikapoa, na bado ukaipuliza. Lakini kwenye karakana ya meno ya bandia mwendo huohuo ndio uliokupa sifa, maana jino moja ulilisugua nusu siku, ukalitazama dirishani, ukalisugua tena. Bibi yako mpaka leo anatafuna kwa meno uliyomtengenezea. Wanaomwona akicheka humuuliza imekuwaje umri huo na meno yote yapo. Huwaambia, "Nilipewa na mke mwenzangu," maana ndivyo alivyokuita tangu ungali na meno ya utoto.

Ulipoleta tangi la kioo, uliliweka ukumbini juu ya kabati la vyombo, palipokuwa na redio. Bibi yako alinuna kwa ajili ya redio yake. Wewe ulifungua mifuko mitano ya nailoni yenye maji, kila mfuko na samaki mmoja wa mapambo, aina ya beta, jike, urefu wa kidole gumba.

"Mbona hawana mapezi marefu kama wale wa kwenye picha?" akauliza mama yako mdogo.

"Wale ni madume, mama mdogo. Dume moja linataka tangi zima. Ukiweka mawili, asubuhi unakuta moja."

"Kumbe kama wa huku nje tu."

"Basi hawa ni wake wenza," akasema bibi yako.

"Bibi, humu hakuna mume. Hawa ni ndugu. Ila sharti waingie siku moja, saa moja, na tangini pote pawe pageni kwao. Anayetangulia hujifanya mwenye nyumba."

Bibi yako alikuwa anatafuta pa kuchomeka redio. Alisikia, hakushika.

Mmoja hakuvuka mwezi wa kwanza. Wanne waliobaki uliwapa majina. Mkaguzi, kwa kuwa hakugusa chakula kabla ya kuzunguka kona zote. Mwalimu, mkubwa wao, aliyewatolea wenzake macho wakikosea. Bi Harusi, mweupe, mwenye kujificha nyuma ya majani. Na Kiporo, rangi ya chakula cha jana, ambaye hakuna mgeni aliyemsifu na wewe ukampenda kuliko wote.

Uliwalisha kwa koleo dogo la kazini kwako, chembe tatu kwa kila mmoja, mmoja mmoja kwa jina, kama unayegawa dawa. Maji yao uliyalaza kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyamimina. Uliwafinyangia pango kwa masazo ya plastiki ya kazini kwako, ile ya rangi ya fizi, na kila aliyeingia ukumbini aliuliza ni kitu gani kile, ukamjibu bila kucheka, "Ni mdomo wa Bibi." Ulimwonyesha bibi yako kitone cheupe chini ya tumbo, alama ya ujike. Ulimwonyesha pia mistari miwili myeusi inayojichora ubavuni samaki akiwa na hofu. "Ukiiona hii, Bibi, ujue kuna jambo." Hilo alilishika.

Siku ile tunaijua yote. Kifua kilikubana asubuhi. Mama yako mdogo alikuja na vitambaa vyake vya mapazia, akakutazama, akasema ni gesi, unywe maji ya moto. Ulimpigia simu kaka yako. Alikuwa ndani ya shimo la lifti, ghorofa ya sita, kamba mkononi. Alisema, "Nikimaliza hii napita." Bibi yako alikukanda mgongo kwa mafuta, na kwa kuwa ulinyamaza aliamini umepata nafuu. Adhuhuri hukuwa nasi.

Haya hayaandikwi kwenye tangazo la kumbukumbu, tunajua. Lakini bibi yako hana mahali pengine pa kukuambia.

Wiki moja baada ya mazishi tuligawana vitu vyako. Nguo ziliisha, vyombo vya kazi vikaisha, macho yakahamia kwenye tangi. Mdogo wako, karani wa mapokezi, alisema kila mtu achukue samaki mmoja awe ukumbusho wake. Likaonekana wazo zuri. Hakuna aliyeuliza samaki wanasemaje. Tuliosha chupa za jamu. Mama yako mdogo akachukua Bi Harusi, mdogo wako akachukua Kiporo. Mkaguzi alibaki tangini, akawa wa bibi yako.

"Mchukue huyo Mwalimu," mama yako mdogo akamwambia kaka yako. "Ukae naye. Dada yako hukupata muda wa kukaa naye."

Kaka yako alikuwa ameinama, anafunga kifuniko. Hakuinuka haraka.

"Na aliyesema ni gesi ni nani?"

"Mimi sina gari la kumpeleka hospitali."

"Mdomo unao lakini."

Akabeba chupa yake akatoka. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Mdogo wako naye akawakasirikia wote wawili. Bibi yako alibaki na samaki mmoja ndani ya tangi lililokuwa kubwa mno, akizunguka kona zote nne, hana wa kumkagua.

Ilipokaribia kutimia mwaka, bibi yako alipata tamaa moja tu. Alitaka samaki wako wanne warudi, siku ya kumbukumbu wawe pamoja ukumbini kama ulivyowaacha. Hakutaka zaidi ya hapo. Akawapigia simu, akawaomba waje Jumapili, kila mtu na samaki wake, wanywe chai.

"Yule akija, mimi siji," akasema mama yako mdogo.

"Nitamleta Jumatano nikitoka kazini, Bibi," akasema kaka yako. "Jumapili usinitarajie."

"Mume wangu, dakika kumi tu. Nitakukalisha mbali naye."

"Bibi, usinilazimishe."

Mdogo wako akachagua Jumamosi ya wiki iliyotangulia, kabla yao, asimkute yeyote. Mama yako mdogo akachukua Ijumaa. Bibi yako akakubali. Alijiambia, watu wakishindikana, angalau samaki.

Kiporo akaja Jumamosi. Mkaguzi alimfuata nyuma toka kona hadi kona, na bibi yako akafurahi, akavuta kiti, akadhani wanasalimiana. Jioni akaona ile mistari miwili ubavuni mwa Kiporo. Akajipa moyo kwamba ni ugeni. Jumatatu Kiporo hakutoka pangoni kula. Jumatano alfajiri alikuwa amelala chini kwenye mchanga, mkia umebaki nyuzi.

Hapo angesimamisha kila kitu. Lakini kaka yako alikuwa njiani, na zilikuwa zimepita wiki nyingi hajakanyaga hapa. Akamzika Kiporo kwenye chungu cha maua, akafuta meza. Mwalimu akaingia tangini kaka yako akitazama. Alisimama pale na ovaroli yake, akasema, "Amemkumbuka mwenzake, ona anavyomkimbilia." Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba bibi yako kuona meno ya kaka yako. Akashindwa kumwambia alichokuwa anakiona.

Ijumaa Bi Harusi alikuta vita imeshaanza. Jumapili bibi yako alimtoa kwa bakuli, magamba yamebanduka, akamfunika kwa kitambaa, akaenda naye mpaka duka la samaki. Muuzaji alimtazama samaki, kisha akamtazama bibi yako.

"Waliingia pamoja, Bibi?"

"Kila mmoja na siku yake."

"Kwa nini hukuwasubiri wote? Unawatoa, unapangua mawe na majani, unawaingiza kwa pamoja, kila mmoja anakuwa mgeni. Hukuambiwa?"

Alikuwa ameambiwa. Ulimwambia wewe, mbele ya kabati lilelile, naye ameshika waya wa redio.

Bi Harusi hakufika nyumbani. Mkaguzi na Mwalimu walitenganishwa, mmoja ndooni, mwingine tangini, lakini vidonda vilikuwa vimeshaota ukungu mweupe. Mwalimu alitangulia. Mkaguzi alikwenda Jumanne iliyopita, baada ya kuzunguka kona zake.

Taratibu, hao watatu hawajui. Kila mmoja hupiga simu kwa wakati wake. Mama yako mdogo huuliza, "Bi Harusi wangu amezoea?" Kaka yako huuliza Mwalimu anakula. Mdogo wako huuliza Kiporo anaonewa. Bibi yako anawajibu kwamba wote hawajambo, wako pamoja, ungewaona ungefurahi. Anasema hivyo akiwa amekaa mbele ya maji matupu, na pampu bado inatoa mapovu kwa sababu hana moyo wa kuizima. Anaogopa kwamba kila mmoja atauliza ni samaki wa nani aliyeanza. Jibu ni kwamba wa bibi yako ndiye aliyeanza, naye ndiye aliyewapokea kwa zamu ilhali wewe ulikataza. Watalisoma hapa, kila mtu akiwa peke yake na gazeti lake. Wasamehe kwanza wao, ukipata nafasi, ndipo ufike kwake.

Wamemletea maneno ya kuandika, vilevile kila mtu kwa siku yake. Kaka yako alileta kikaratasi: "Nilimaliza ile lifti, dada. Nilipita." Mdogo wako aliomba tuseme chumba chako hakijapangishwa. Mama yako mdogo hakuleta neno. Alisema tu jina lake lisikae karibu na la kaka yako. Bibi yako akamwambia sawa, kisha akaenda kuyapanga majina anavyotaka yeye.

Wanaokukumbuka ni bibi yako, ambaye ndiye mke mwenzako. Mama yako mdogo, mshona mapazia, na kaka yako, fundi wa lifti. Na mdogo wako wa mapokezi. Gazetini tumekaa mstari mmoja. Nyumbani viti ni vinne, na kinachokaliwa ni kimoja.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, kila mtu nyumbani kwake.